Foto ya uyoga haiko ruhusa ya kula

Mvua ikishaanza kunyesha sawasawa, ukipita kwenye Nationale 39 kati ya Likasi na Kolwezi utaona wamama na watoto wamekaa kando ya barabara na uyoga mbele yao. Kuna mafungu madogo ya rangi ya njano kwenye sahani, kuna mweupe ndani ya beseni, na mara moja moja utaona mutoto anashika uyoga mumoja mukubwa sawa mwavuli. Dereva anasimama, wanapatana bei, uyoga unaenda mujini. Kwa familia nyingi za hapa Fungurume, hiyo njo franka ya kwanza ya musimu wa mvua, wakati mahindi iko bado majani tu shambani. Na kwa nyumba yenye haina pesa ya kununua nyama, uyoga njo mboga ya kulia bukari.

Nataka kusema juu ya uyoga huo na juu ya telefone, sababu siku hizi vitu hivyo viwili vinatembea pamoja.

Musimu uliopita nilikuwa nyumbani kwa memba mumoja wa kooperative yetu. Mujukuu wake, kijana wa miaka 17, aliingia na mufuko umejaa uyoga mweupe wenye kofia pana. Alikuwa na furaha. Alisema ameutoa kwenye majani mafupi karibu na nyumba za wafanyakazi, amepiga foto, na programu ya telefone imemujibu jina la Kizungu pamoja na neno "comestible". Maji ilikuwa tayari kwenye moto.

Bibi yake hakuangalia telefone. Alichukua uyoga mumoja, akaugeuza, akaangalia chini ya kofia, kiisha akaangalia mwisho wa muguu.

"Mutoto wangu, hii uliitosha ku kichuguu?"

"Hapana, koko. Ilikuwa mu majani tu."

"Sasa muzizi wake iko wapi? Ya ku kichuguu iko na muzizi murefu wenye kuingia mu udongo. Hii haina. Na ona huku chini, inaanza kugeuka rangi. Hii hatuijue. Hatukule kitu chenye hatujue."

Uyoga ulitupwa, tukabakisha mumoja. Jioni tulikata kofia yake, tukaiweka juu ya karatasi nyeupe na kuifunika na kikombe. Asubuhi karatasi ilikuwa na unga wa rangi ya kijani. Wenye elimu ya uyoga wanaujua vizuri huo unga wa kijani: ni alama ya Chlorophyllum molybdites, uyoga unaoota kwenye majani mafupi katika inchi nyingi za joto, na unaofanana sana na aina zingine za kula. Mara nyingi hauui mutu mukubwa, lakini unamutapisha na kumuharisha sana. Kwa mutoto mudogo, kupoteza maji namna ile ni hatari ya kweli.

Kijana yule hakuwa mujinga, na telefone yake haikuharibika. Alipiga foto moja, kutoka juu. Programu ilijibu kwa kile ilichokiona, na kile ilichokiona hakikutosha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: foto ya uyoga ni kitu kizuri kwa kukumbuka, kuuliza na kufundisha. Lakini kusema "tule" haiko kazi ya foto. Ni kazi ya mutu mwenye kushika uyoga ule mukononi, na mwenye kuujua tangu utoto.

Kwa nini foto inadanganya

Kuna sababu tatu.

Ya kwanza, mambo yanayotenganisha uyoga na mwenzake mara mingi yanajificha. Yako chini ya kofia, ndani ya udongo, katika harufu, ao katika maziwa yanayotoka ukiukata. Foto ya juu inaonyesha kofia tu, na kofia nyeupe ziko nyingi.

Ya pili, foto nyingi zilizofundisha programu hizo zilipigwa Ulaya na Marekani. Pori yetu haiko pori ya kule. Huku tuko na miti ya muputu, mutondo na musuku, na uyoga unaoishi pamoja na mizizi ya miti hiyo. Programu ikiona uyoga wetu, inatafuta wenye kufanana nao kati ya foto inazozijua, na inajibu jina hata kama jina lile ni la uyoga usioota hapa.

Ya tatu, hata sheria za vitabu vya kule haziendi sawa huku. Chukua tente, ule wenye kuuzwa sana katika pori zetu na kule Zambia. Wenye elimu wanauita Amanita loosii, zamani Amanita zambiana. Ni mutamu, watu wamekula tangu mababu. Lakini jamaa hiyo ya Amanita njo jamaa ya Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kule Ulaya. Wote wawili wana mufuko chini ya muguu. Muzungu amefundishwa kwao akiona mufuko ule akimbie. Mama wa hapa akiona mufuko ule haukimbii kwa sababu hiyo tu, maana anaangalia mambo mengine matano ao sita kwa wakati mumoja: rangi, pete, ukubwa, muti wenye uko karibu, mwezi wa mwaka, harufu. Programu haina elimu hiyo. Mutu aliyekuja kuishi hapa mwaka huu vilevile hana, hata kama kwao alikuwa fundi.

Wamama wetu ni walimu

Wengine wanafikiri elimu ya uyoga iko Ulaya, na sisi tunakula kwa bahati tu. Haiko vile. Mwaka wa 1980, wataalamu Pegler na Piearce walipoandika juu ya uyoga wa kula wa Zambia, walipa uyoga mumoja jina Lactarius kabansus. Hilo "kabansus" walilitoa wapi? Ni kabansa, jina lenye Wabemba wanaliita tangu zamani. Mwaka uleule waliandika pia Termitomyces titanicus, ule wa kichuguu wenye kofia inayoweza kufika karibu metre moja kwa upana. Wataalamu waliuandika 1980, lakini wamama walikuwa wameupika muda murefu kabla ya hapo.

Na katika Katanga yetu, mwaka wa 2017 kilitoka kitabu kizima cha Kifaransa juu ya uyoga wa kula wa Haut-Katanga, kilichoandikwa na André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef. Kina foto za rangi, kinaeleza kila aina namna inavyoonekana na pahali inapoota. Kooperative yenye inaweza kupata nakala iitafute, sababu kile ni kitabu cha pori ya jirani yetu. Programu ya foto za pori ya Ulaya haiwezi kuchukua nafasi yake.

Foto zenyewe ni za lazima, na hilo halikuanza leo. Uyoga ukikauka unapoteza rangi na umbo, kwa hiyo ukiuweka tu katika sanduku, kisha mwaka mumoja haufanani tena na kitu. Wakati wa wakoloni, mwanamuke mumoja Mubelgiji, Goossens-Fontana, alikaa Binga, kule Équateur, akachora uyoga mubichi kwa rangi, mumoja mumoja. Michoro yake ilisaidia kitabu kikubwa cha picha za uyoga wa Kongo, chenye kilianza kutoka Bruxelles mwaka wa 1935. Leo hatuhitaji kujua kuchora. Kila nyumba yenye telefone inaweza kufanya kazi ile. Shida ni kwamba tunaifanya kinyume: tunauliza telefone ituambie jina, wakati ni sisi tungepaswa kuiambia.

Na inaomba tuifanye sasa. Vijana wengi wanaenda kuchimba, hawaendi tena pori na mama zao. Familia zingine zilihamishwa sababu ya migodi, zikafika pahali pasipo pori waliyoizoea. Miti inakatwa kwa makala, na tente na kabansa haviwezi kuishi bila mizizi ya miti yao: pahali muputu imeisha, uyoga wake unaisha pia. Mama mwenye kujua aina ishirini akifa bila kumufundisha mutu, aina zile zitaendelea kuota lakini hakuna mwenye atathubutu kuzila. Ao mubaya zaidi, mutu atathubutu bila kujua.

Namna ya kupiga foto yenye faida

Foto moja ya juu haina faida. Kwa kila aina, fanyeni hivi:

1. Pigeni foto ya kwanza uyoga ukiwa bado pahali pake, na muti ao kichuguu kionekane.
2. Chimbeni pole pole na kisu ao kijiti mpaka chini kabisa. Musivute. Mufuko wa chini ao muzizi murefu unabaki ndani ya udongo ukivuta, na njo alama kubwa yenye munapoteza.
3. Pigeni foto ya juu ya kofia, ya chini ya kofia, na ya uyoga muzima ukilala pembeni. Wekeni sanduku la kiberiti karibu, ili ukubwa ujulikane.
4. Kateni mumoja katikati toka juu mpaka chini, mupige foto mara moja, na tena kisha dakika kumi. Ingine inageuka rangi, ingine inatoa maziwa.
5. Pigeni foto ya mutoto, ya katikati na ya muzee wa aina ileile, sababu sura inabadilika.
6. Tumieni kivuli chenye mwangaza, bila flash na bila kubadilisha rangi katika telefone.
7. Usiku, wekeni kofia juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, na kuifunika. Asubuhi pigeni foto ya unga. Uyoga wa vichuguu unatoa unga wa rangi ya roze, jamaa ya Amanita mweupe, na ule wa majani niliosimulia, wa kijani.

Kiisha, kazi kubwa kuliko zote: andikeni katika kaye tarehe, muti wenye uko karibu, jina la uyoga katika Kisanga, Kibemba, Kiluba, Kilunda ao luga yoyote ya mwenye kuujua, jina la mama aliyesema, na namna anavyoupika. Aina zingine zinapikwa kwa muda murefu na maji ya kwanza inamwagwa. Mama akisema "huu hatujue", andikeni vilevile. Neno lile lina samani sawa jina lingine.

Kile foto haiwezi kuonyesha

Kuna jambo moja la hapa kwetu, na hata mama mwenye kujua sana hawezi kuliona kwa macho. Uyoga unavuta metali kutoka udongoni kuliko mimea mingi. Sisi tunaishi juu ya shaba na kobalti. Uyoga ukiota kwenye mabaki ya mugodi, karibu na pahali wanaposafisha mawe, kando ya barabara yenye vumbi la malori, ao kando ya maji yenye rangi mubaya, unaweza kuwa aina nzuri kabisa, foto nzuri, jina sawa, lakini ndani umebeba kile chenye hatutaki watoto wetu wale. Kuuchemusha hakuondoi metali yote.

Kwa hiyo kooperative yenye inauza uyoga iweke sheria: tunachuma ndani ya pori, mbali na mugodi na mbali na barabara, na katika kaye tunaandika ulitoka wapi. Munuuzi wa mujini akijua kwamba kooperative fulani ina sheria hiyo na inaishika, atarudi.

Kwa wenye hawakubali

Ninajua kuna wenye watasema: sababu kuna hatari, tukataze uyoga wa pori kabisa, watu walime ule wa kupanda nyumbani. Kulima uyoga ni kuzuri, na mwenye anaweza aanze. Lakini kukataza ule wa pori ni kumukataza mama mboga na pesa katika miezi yenye njaa, na hawatasikia. Wataendelea kuchuma, lakini kwa kujificha, bila mutu wa kuwauliza. Hapo njo hatari itakuwa kubwa.

Kuna wengine wanasema: tukipiga foto na kuonyesha pahali, watu wa mujini watakuja na magari na kumaliza yote. Hao wana haki. Telefone nyingi zinaandika pahali ndani ya foto bila wewe kujua. Kwa hiyo zimeni jambo hilo katika telefone kabla ya kupiga, na foto za kooperative zikae kwa kooperative. Katika kaye andikeni "pori ya musuku, upande wa mulima", inatosha. Elimu ni ya wenye wameitoa, na komite iombe ruhusa ya wamama kabla ya kuitoa inje.

Na wengine wazee wanasema kuna njia rahisi za kujua sumu: kijiko kikigeuka cheusi, ao wadudu wakiula basi ni muzuri. Tafazali, tuache. Konokono anakula uyoga wenye unaua mutu bila shida. Kijiko hakijui kitu. Kuuchemusha, kuukausha, kutia chumvi, hakuna kinachotoa sumu ya Amanita za kuua.

Mutu akigonjwa

Nasema kwa kifupi lakini musisahau. Sumu mubaya kuliko zote haianzi haraka. Mutu anakula jioni, analala vizuri, tumbo inaanza kisha saa 6 mpaka 24. Anatapika na kuhara, kiisha anapata nafuu siku moja ao zaidi, watu wanasema amepona. Kumbe ini linaharibika. Mutu akigonjwa kisha kula uyoga, hata kama anaanza kuona afazali, apelekwe kwa hospitali siku ileile, pamoja na wote waliokula naye. Na mabaki ya uyoga yabebwe, na foto zionyeshwe kwa munganga. Hapo foto inaweza kuokoa mutu.

Kwa sababu hiyo ninaomba kila nyumba ishike zoezi moja: kabla ya kupika, weka uyoga mumoja mubichi wa kila aina pembeni, mupaka kesho yake. Hakuna kazi, hakuna bei.

Kile ninachoomba

Ninaomba kila kooperative yenye inasoma barua hii ianze kabla ya mvua kurudi. Chagueni wamama watatu wenye kijiji kinawaamini juu ya uyoga. Chagueni kijana mumoja ao wawili wenye telefone nzuri. Waende pori pamoja, kijana apige foto, mama aseme, kaye iandikwe. Na muweke sheria moja yenye kila mutu anaelewa: uyoga hauingii katika chungu ao katika beseni ya kuuza mupaka mama mumoja kati ya wale watatu aushike na aseme ndiyo. Akisita, unatupwa.

Kijana yule wa miaka 17 leo njo mwenye kushika kaye ya kikundi chao. Bado anapiga foto, na nyingi kuliko zamani. Lakini siku hizi anaanza na ya chini ya kofia, na mbele ya kusema jina anamungoja koko wake.